Sensa ya maji (kifaa cha kupima chumvi) ikisoma vizuri kupita kiasi, ifungue uitazame

Kioski chetu kiko Nakuru, upande wa Lanet. Kisima kina chumvi na floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kama vilivyo vingi katika Bonde la Ufa, maana maji yake hukaa kwenye miamba ya volkano. Tulipochoka kuona meno ya watoto yakigeuka kahawia, tulichanga tukanunua mashine inayosukuma maji kwenye utando, chumvi ikabaki nyuma.

Fundi alituwekea sensa mbili za chumvi: moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji yaliyochujwa. Namba huja kwa simu. Maji safi yalianza kwa maikrosimensi 60 (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda), yakashuka hadi 40, kisha 15. Nilidhani mashine imezoea kazi. Ndipo mama mmoja aliponirudishia mtungi: "Kijana wangu, chai ya leo ina ladha ya kisima." Nikaazima kipimo cha mkononi. Kilisoma 900.

Mpira wa kuzibia karibu na utando ulikuwa umekatika, maji ya kisima yakawa yanapenya. Sensa nayo ilikuwa imefungwa juu ya bomba, hewa inapokusanyika, na ncha yake ilikuwa na utelezi. Sensa ya aina hii ikiguswa na hewa au ikifunikwa na uchafu husoma chini. Kwa hiyo namba inayoshuka bila sababu inanitisha kuliko inayopanda.

Sensa ifunge ubavuni mwa bomba, mahali panapojaa maji daima. Kila Jumatatu ioshe, kisha linganisha na kipimo cha mkononi na uandike daftarini. Usiipuuze sensa ya kisima: kwa ndugu zetu wa pwani, chumvi ikipanda kadiri pampu inavyovuta, huenda bahari inaingia kisimani. Punguzeni saa za kuvuta.

Na tafadhali, sensa ya chumvi haipimi floraidi. Kwetu sisi utando ukiwa mzima huondoa vyote viwili, lakini anayechuja kwa mkaa wa mifupa asitegemee kipimo hicho kabisa, kwa sababu mkaa hunasa floraidi na kuacha chumvi nyingi ipite. Kuchemsha pia hakuondoi floraidi. Sisi hupeleka chupa maabara kila baada ya miezi mitatu, na jibu likipita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, tunafunga bomba siku hiyohiyo.