Kadmos na asili ya herufi za Kigiriki

Ndugu, umeuliza kama kisa cha Kadmos, mwana wa mfalme wa Foinike (nchi ya kale ya pwani ya Lebanon ya leo) aliyetumwa kumtafuta dada yake Europa na hatimaye akaujenga mji wa Thebes huko Ugiriki, kina ukweli wowote kuhusu herufi za Kigiriki. Kadmos mwenyewe ni wa hadithi. Hata hivyo Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK kwamba Wafoinike waliofuatana naye ndio waliowafundisha Wagiriki kuandika, hakukosea kuhusu chimbuko, kwani maumbo ya herufi, mpangilio wake na hata majina yake, kama alfa na beta, yana asili ya Kifoinike.

Kinachonivutia zaidi ni walichoongeza Wagiriki. Wafoinike waliandika konsonanti tu. Wagiriki wakazichukua herufi za sauti zisizokuwamo katika lugha yao na kuzifanya irabu, hivyo msomaji hakulazimika tena kukisia. Kikombe cha karne ya 8 KK kilichofukuliwa Pithekoussai, katika kisiwa cha Ischia, Italia, kina jina la Nestor, mfalme mzee katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, pamoja na mistari miwili ya ushairi yenye mizani ileile ya tenzi hizo, na kwa hiyo ushairi ulianza kuandikwa mapema sana.