Pima Umbali Kabla ya Kununua Lenzi

Wanaoanza kupiga picha huniuliza lenzi ipi ni bora, ya milimita 50, 85 au makro (lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya 100. Nami huwauliza: utakuwa umbali gani na unachokipiga?

Hilo lilinifika Maasai Market, hapa Nairobi. Nilikuwa nimempiga mama mmoja muuza shanga picha za uso kwa 85 ya 1.8 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu hufunguka zaidi), akazipenda sana. Kisha akanipa mkufu, akataka kila ushanga uonekane na uzi wake. Nikasogea. Lenzi ikahangaika mbele na nyuma, haikushika fokasi. Lenzi nyingi za aina hiyo hazishiki kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 80 hivi, na kutoka hapo ushanga wa milimita 3 ni kitone tu. Niliondoka bila picha ya mkufu.

Kwa uso, 85 bado ndiyo naipenda. Wengi hulaumu lenzi fupi, yenye milimita chache, kwamba inakuza pua, kumbe ni umbali. Lenzi fupi inakulazimisha umkaribie mtu mno, na pua, iliyo mbele ya masikio, inatoka kubwa. Rudi nyuma hadi mita 1.5 au 2, uso utatulia. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo iitwayo APS-C, na humo 50 huona kama 75 au 80 kwenye fremu kamili, yenye sensa kubwa, kwa hiyo anza na 50 ya 1.8 bila wasiwasi. Ni ya bei nafuu, na jioni chini ya miti ya Arboretum itakupa uso safi na majani yaliyofifia nyuma.

Usilifungue tundu lote ovyo, lakini. Kwa 85 kwenye 1.8, ukiwa mita moja na mtu, kwenye kamera ya fremu kamili kinachokuwa kwenye fokasi, mbele hadi nyuma, ni sentimita moja na nusu hivi. Lenga jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili, funga hadi 5.6.

Makro inataka subira. Makro kamili hufika 1:1, yaani kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 za sensa. Hapo, kwenye 2.8, sehemu iliyo kwenye fokasi haifiki nusu milimita. Ukipumua tu imepotea. Funga hadi 11, tumia stendi, zima fokasi ya otomatiki, kisha sogeza kamera yenyewe taratibu. Weka karatasi nyeupe mkabala na dirisha irudishe mwanga, kwa sababu lenzi huangusha kivuli juu ya kitu. Makro ya 100 hupiga uso pia, ila huanika kila kinyweleo, na si kila mteja anataka hivyo.

Kama huna pesa ya makro, tafuta pete za kurefusha lenzi. Hazina kioo, hukaa kati ya kamera na lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye 50 hufikisha nusu ya ukubwa halisi. Chukua zenye vidoti vya chuma vya kupitisha umeme, la sivyo kamera haitaweza kulifungua wala kulifunga tundu la lenzi.

Ndizo nilizorudi nazo kwa yule mama, nikamtafuta soko lilipokuwa limehamia. Katika picha, ushanga mwekundu ulionyesha hadi tundu lake, na uzi mweupe ukipita ndani.