Rivolva ya stenlesi iliyotumika: ikague hivi kabla hujatoa pesa

Ndugu zangu mliohamia Texas karibuni, wengi mnaniuliza rivolva gani ya stenlesi iliyotumika inafaa kubeba kila siku. Kwenye kaunta mnaanza na jina la kampuni, halafu mnaangalia inavyong'aa. Mimi naanza na silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi. Bastola ya kampuni yenye sifa ambayo silinda yake imechoka itakuangusha siku unayoihitaji, na ya kawaida iliyotunzwa itakufaa miaka mingi.

Ila kabla ya bastola yenyewe, angalia hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya serikali kuu kumiliki silaha, hata risasi moja. Iko misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini usiitegemee kabla ya kuongea na wakili. Kosa hili linaweza kukufukuzisha nchini.

Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya ununuzi wa silaha, na jina lako litapitishwa kwenye uchunguzi wa historia. Kwa sheria ya serikali kuu, duka haliruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, ingawa katazo hilo limepingwa mahakamani. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi msimamo wa sheria ya serikali kuu. Na ukiombwa na rafiki umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye hawezi kupita uchunguzi, kataa. Sheria ya mwaka 2022 imeweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa mchezo huo. Kununua kwa mtu binafsi hapa Texas kunaruhusiwa, lakini kwa mgeni nashauri mpitie duka lenye leseni ili uwe na karatasi. Namba ya silaha ikiwa imekwaruzwa au kufutwa, irudishe mezani na uondoke. Kuwa nayo tu ni kosa.

Sasa stenlesi. Smith & Wesson walitoa Model 60 mwaka 1965, rivolva ndogo ya risasi tano, na hapo ndipo stenlesi ilipoanza kuzoeleka kwenye bastola za kubeba mwilini. Sababu ni jasho. Kwa joto la Houston, chuma cheusi kinachokaa kiunoni kutwa nzima huanza kutu upesi. Stenlesi inastahimili zaidi kwa sababu ya kromiamu iliyomo, ila nayo inashika kutu ikiachwa na chumvi, hasa chini ya mpini na kwenye vitundu vya skrubu. Omba mpini ufunguliwe. Muuzaji akikataa, jiulize kwa nini.

Stenlesi ina tabia moja ya kukupotosha: inasuguliwa ikawa kama mpya. Mtu anaipitisha kwenye mashine ya kung'arishia, mikwaruzo yote inaondoka, nawe unadhani haijatumika. Angalia maandishi ya ubavuni. Herufi zikiwa zimefifia na pembe za fremu zimekuwa za mviringo, imesuguliwa. Angalia na vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, mtu asiye fundi ameingia ndani na bisibisi ya jikoni. Tena si kila bastola ya rangi ya fedha ni stenlesi tupu. Model 642 ya Smith & Wesson, kwa mfano, ina fremu ya alumini na silinda ya stenlesi. Ni bastola nzuri, nyepesi, kama gramu 425, lakini inarusha mkono zaidi. Sumaku ndogo mfukoni itakuonyesha: alumini haivutwi.

Ukaguzi wenyewe. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua silinda, tazama matundu yote na uyapapase kwa kidole, hata kama muuzaji ameyaangalia mbele ya macho yako. Kisha omba ruhusa ya kufyatua bila risasi. Ni adabu, na kuna bastola zisizofaa kufanyiwa hivyo.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni mpangilio wa silinda na nyundo. Vuta nyundo kwa dole gumba taratibu sana, huku kidole cha mkono mwingine kikiizuia silinda kidogo. Silinda lazima ijifunge, kile kipini kidogo cha chini kiingie kwenye kishimo chake, kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, maana tatizo mara nyingi liko kwenye moja tu. Ikichelewa kujifunga, risasi italipuka tundu likiwa halijakaa sawa na mtutu, vipande vya risasi vitaruka pembeni, na anayesimama kando yako ndiye atakayeumia. Ukimaliza hapo, nyundo ikiwa imevutwa na kidole kiko mbali na kifyatulio, isukume mbele kwa dole gumba. Isianguke. Ikianguka, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Fyatua na ushikilie kifyatulio nyuma, kisha tikisa silinda. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma kunakosikika kama kugonga ni uchakavu wa risasi nzito nyingi. Inua bastola kwenye mwanga utazame mwanya kati ya silinda na mtutu. Ukiwa na filagaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, inchi 0.004 hadi 0.006 ni afya, na ikipita 0.010 mimi siinunui. Zungusha silinda polepole: mwanya ukipanuka na kubana, mkono unaobeba silinda umepinda. Huo ndio ugonjwa wa watu wanaofunga silinda kwa kuirusha kama kwenye sinema. Kijiti cha kutolea maganda kikiyumba kinapozunguka, nacho kimepinda.

Mdomo wa nyuma wa mtutu uangalie kwa tochi kutafuta ufa. Ndani ya mtutu, masizi yanasafishika, mashimo ya kutu hayasafishiki.

Kuhusu ukubwa, nitasema kifupi. Ruger SP101, iliyotoka mwaka 1989, ina uzito wa zaidi ya gramu 700. Ni imara sana na inapiga .357 Magnum, risasi yenye nguvu kuliko .38 Special, bila kulalamika. Model 60 ni nyepesi zaidi. Za zamani ni za .38 Special tu, na zile za .357 zilianza 1996, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye mtutu. Hata yenye .357 naijaza .38, kwa kuwa inazipiga zote mbili. Kwenye mtutu wa inchi mbili, Magnum ina kishindo na mwako unaomfanya mgeni afumbe macho. Kama utaibeba mfukoni, chagua yenye nyundo iliyofichwa, kama Model 640, isije ikanasa kwenye nguo.

Texas tangu Septemba 2021 inaruhusu wengi wenye miaka 21 au zaidi kubeba bila kibali, lakini chukueni kibali hata hivyo: darasa lake linafundisha wapi usiingie na silaha, na majimbo mengine yanakitambua. Si yote, basi angalia kabla ya kuvuka mpaka. Nyumbani kwenye watoto nunua kasha la kufunga siku ileile, kwa kuwa sheria ya jimbo inakuwajibisha silaha ikifikiwa na mtoto wa chini ya miaka 17. Na ukisafiri kwenda kwetu, Tanzania au Kenya, bastola ibaki hapa. Huko leseni ina utaratibu wake mwingine kabisa.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha anza na .38 za kawaida, tano tano, polepole. Tia alama ya kalamu kwenye tundu moja ili ujue kila risasi imetoka wapi. Tazama makalio ya maganda: alama ya pini iwe katikati na ya kina kilekile kwa yote. Tundu moja likikataa kulipua, au maganda yakigoma kutoka baada ya matundu kusafishwa, irudishe dukani ndani ya muda mliokubaliana, ambao uliomba uandikwe kwenye risiti.