Shangazi wa Safari: Wazee wetu walale Mji Mkongwe au ufukweni?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Mimi na wadogo zangu tumechanga fedha tuwapeleke Zanzibar siku tatu, walale kwenye hoteli ndogo ya kifahari ndani ya Mji Mkongwe. Baba ni mwalimu mstaafu, taarabu ni roho yake. Mama magoti yanamsumbua. Sasa kaka yetu anapinga: anasema Mji Mkongwe tutalipa pesa nyingi kwa nyumba kuukuu isiyo na bwawa wala lifti, bora Nungwi wakapumzike ufukweni. Tumsikilize nani?
Binti wa Kwanza, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kuwakumbuka wazee wangali na nguvu za kusafiri.

Kaka yako hajakosea kuhusu lifti. Nimekaa mapokezi ya hoteli za namna hiyo kwa muda mrefu na ninazijua ngazi zake. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na nyumba zinakwenda juu. Mji huu uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kuna mamlaka maalumu ya hifadhi; mwenye hoteli habomoi ukuta kwa sababu tu mgeni anataka lifti.

Kwa hiyo mkipiga simu, msianze na chumba chenye mandhari ya bahari. Ulizeni kwanza: chumba kiko ghorofa ya ngapi, vipandio vingapi kutoka mlango wa barabarani, je, vina mkono wa kushikilia, na chai ya asubuhi inanyweka wapi? Hilo la mwisho watu hulisahau. Hoteli nyingi huandaa chakula juu ya paa. Niliwahi kumwona mama wa makamo ya mama yako amepewa chumba cha juu kabisa, kizuri kama cha malkia, naye akashinda humo kwa kuogopa kushuka. Wenzake wanazunguka mji, yeye yuko dirishani. Iliniuma sana, maana chumba cha chini kilikuwa wazi, hakuna aliyemuuliza. Waambieni mapema kuwa mama ana magoti, wamletee chai chumbani. Hoteli ya bei hiyo ikisita kwa jambo dogo kama hilo, tafuteni nyingine.

Lakini kwa baba mpenda taarabu, mimi nasema Mji Mkongwe bila kusita. Bwawa la kuogelea atalikuta popote. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, hatakikuta popote. Wala Culture Musical Club ya Vuga, wala wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) wanaojifunza ala za kanuni, udi na fidla kwa walimu waliorithi kwa wazee wao. Mkiwasiliana na hoteli, ombeni wawaulizie onyesho lipi litakuwepo siku hizo, kwa kuwa ratiba hubadilika. Na baba abebe noti ndogondogo mfukoni. Wimbo ukimgusa atainuka kumtunza mwimbaji, na mwalimu mstaafu hawezi kukaa kitini anatafuta chenji.

Hicho ndicho mnacholipia, mwanangu. Chukua mfano wa Emerson on Hurumzi: ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha za sultani katika karne ya 19, na Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Zanzibar, akaifufua ikawa hoteli. Kitanda cha samadari, mlango wa nakshi, kioo cha rangi dirishani: kila kimoja kina fundi wake, na mafundi wa namna hiyo wangali wanachonga hapo mjini. Nataka sana wageni wetu wa bara wavione vitu hivi wakiwa wamelala ndani yake, wasiwaachie Wazungu peke yao. Ulizeni bei ya mkazi kabla hamjakubali bei yoyote. Hoteli nyingi wanayo, ila wachache hukutajia usipouliza.

Magari hayaingii kwenye vichochoro. Ombeni mtu wa hoteli awapokee bandarini na mchukuzi wa mizigo. Mtaa wa Shangani uko karibu na bahari na bustani ya Forodhani, mama atafika kwenye mishkaki na urojo bila kuchoka, na akichoka baraza za kukalia zipo nje ya nyumba nyingi. Alfajiri adhana itasikika toka misikiti mingi kwa pamoja, asiyeizoea ataamka. Epukeni Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara kama hamjaweka nafasi mapema. Ramadhani nayo kula hadharani mchana si adabu, na migahawa mingi hufunga.

Kaka yako mpeni siku ya tatu: gari la kwenda ufukweni asubuhi, kurudi jioni. Ila usiku walale mjini.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanafunzi, hoteli hizo siziwezi. Naruhusiwa kupanda paani kunywa chai tu?
Mpenda Picha, Bububu

JIBU: Unaruhusiwa kwa nyingi kati yao, nawe usione haya, mji ni wako. Piga simu asubuhi ya siku hiyo, uliza kama wanapokea wasiolala hapo na kama kuna kima cha chini cha matumizi. Vaa nadhifu, fika saa kumi na moja. Ukichelewa hadi magharibi, viti vya upande wa bahari vitakuwa vimekwisha, na mwanga unaoutaka kwa picha zako umeshatua.