Kulala kwenye hema ufukweni: angalia mwezi kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuna raha ya kweli kulala kwenye hema ufukweni, au ni mchanga, mbu na maumivu ya mgongo tu wakati vyumba vya kulala vipo. Ukauliza pia mtu wa Dar mwenye mke na watoto wawili aanzie wapi. Nimesoma majibu ya wenzangu hapo juu, wengi wameongelea aina ya hema na bei. Mimi naomba niongelee kitu kingine, kwa sababu nimelala pwani na familia yangu kwa miaka, zaidi upande wa Pangani, na naona watu wengi wanarudi wamechoka na kusema hakuna kitu kule kwa sababu moja tu: wanapanga safari kwa kalenda ya ofisini. Ijumaa ikifika wanabeba hema na kuondoka. Usiku wa ufukweni unaamuliwa na mwezi. Ukijua mwezi uko siku ya ngapi, unajua maji yatajaa saa ngapi, kutakuwa na mwanga au giza, mtaogelea asubuhi au alasiri, na hema uliweke wapi.

Kwa pwani yetu hesabu yake ni nyepesi, na wavuvi wanaijua kichwani. Mwezi ukiandama, na vilevile ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Siku za bamvua, yaani hizo za mwezi kuandama na mwezi mpevu na siku chache zinazofuata, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi, wakati mwingine inakaribia 4. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kama mita 1 tu.

Sasa chukulia umefika ufukweni saa mbili usiku, mwezi mpevu, bahari imerudi mbali kule na mchanga mpana umekauka. Unaona uwanja mzuri wa hema. Saa kumi alfajiri, mkiwa usingizini, bahari inarudi kuchukua ule uwanja wote. Usipime kwa macho usiku. Fika mchana, tafuta mstari wa nyasi za bahari na mwani uliokauka ambao mawimbi yameuacha. Mara nyingi utakuta mistari miwili au mitatu. Shika ule wa juu kabisa, kisha panda zaidi mpaka pale majani yanayotambaa mchangani yanapoanza. Hapo ukilala unasikia wimbi likivunjika karibu kabisa na kichwa, na hulali na wasiwasi. Sauti ile peke yake inatosha kumfanya mtu akafunga safari kutoka Dar. Watoto wangu mjini wanasumbua kulala, kule wanazimika kabla sijamaliza kuosha sufuria.

Usiku ninaoupenda kuliko wote ni wa pili baada ya mwezi mpevu. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jua na mwezi vyote vinatoka baharini. Siku ya mpevu mwezi unachomoza jua likizama, kukiwa bado na mwanga, na uzuri wake nusu unapotea. Siku mbili baadaye unachelewa mpaka kama saa mbili usiku. Mnakula gizani, nyota zimejaa mpaka usawa wa maji, halafu upande wa bahari panaanza kuwa pekundu kama kuna moto mbali sana. Ukingo wa mwezi unatokeza, mwekundu, umebonyea juu na chini, unajikunjua taratibu kutoka majini, na ile njia ya mwanga inatandikwa juu ya bahari mpaka miguuni kwenu. Ndani ya dakika chache umeshakuwa wa manjano, baadaye mweupe, na mnaona sura zenu bila taa. Hiyo ndiyo saa ya kutembea ufukweni. Kaa wale weupe wanakimbia kiubavu mbele yenu, wanasimama mlangoni kwa mashimo yao wanawatazama, kisha wanazama. Zima tochi kabisa, macho yakizoea utaona zaidi.

Kama unafanya kazi za Jumatatu hadi Ijumaa, tafuta mwezi ambao mpevu wake umeangukia Alhamisi, ukalale Jumamosi.

Giza nalo lina raha yake, na kuna wanaolipenda kuliko mbalamwezi. Siku za giza ndipo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na ukikaa mchangani unaona taa zimepangana kwenye upeo wa bahari kana kwamba kuna mji ng'ambo. Nyakati nyingine maji yenyewe yanawaka: ukipiga hatua kwenye maji ya kifundoni zinatawanyika cheche za bluu, ukichota kwa mikono zinateleza vidoleni. Ni viumbe wadogo sana wa baharini wanaotoa mwanga wakitikiswa. Haitokei kila siku, lakini ikitokea mtoto atakayeiona hataisahau. Angani, miezi ya mwisho wa mwaka, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kinachomoza mapema usiku upande huohuo wa bahari, na wazee wa pwani hawajaacha kukitazama kwa ajili ya mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kuhusu chakula, tafadhali usibebe soseji kutoka supamaketi. Amka alfajiri, nenda wanapofikia wavuvi, nunua samaki waliotoka majini saa hiyo. Changu au tasi wanatosha kabisa, kolekole mkiwa wengi. Kwa moto, kusanya vifuu. Kaa la kifuu ni kali, halina moshi mwingi, na linakaa muda mrefu kuliko kuni za kuokota ufukweni. Mpasue samaki mgongoni, mkate mistari ubavuni, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa, mwache muda wa kuchemsha wali. Mweke upande wa ngozi chini, usimguse mpaka ngozi iachie wavu yenyewe. Ukimgeuza mapema anakatika na nyama inabaki kwenye wavu. Wali wa nazi, pilipili ya kuponda, mmalize. Makumbi ya nazi usiyatupe: yawashe pembeni upande upepo unakotokea, yafuke tu bila kuwaka, moshi wake unapunguza mbu vizuri. Mikoko usikate hata tawi.

Asubuhi za siku za bamvua maji yanapwa mbali, na hapo ndipo utaona kazi ya pwani kwa macho yako. Kina mama wanashuka na vijiti vya chuma kutafuta pweza mwambani, wanajua kila shimo. Salimia kwanza, shikamoo kwa waliokuzidi, na ukiomba kwa adabu watawaonyesha watoto pweza anavyojificha. Vaeni raba au viatu vya plastiki vilivyofungwa, maana mwamba una chaza wanaokata kama wembe. Rudini mapema. Maji yakianza kujaa kwenye bamvua yanakuja haraka, na yanaweza kuwazunguka nyuma mkiwa bado mmeinama mnatazama vidimbwi.

Wapi? Kwangu mimi ni Ushongo, kusini ya mji wa Pangani. Unafika Pangani mjini, unavuka mto hadi Bweni, kisha ni kama kilomita 15 hivi. Kuna sehemu zinazopokea watu wenye hema, zina choo na maji ya kuoga, na kijiji kiko hapohapo. Mbele yake, baharini, ndiko kuna Maziwe, hifadhi ya bahari ambayo leo ni fungu la mchanga tupu linalofunikwa na maji yakijaa sana. Kulala Maziwe sahau, nenda mchana maji yakiwa yamepwa, uogelee kwenye matumbawe urudi. Kasa bado wanataga pale, na kwa kuwa mayai yangeoza kwenye maji ya chumvi, watu wa Ushongo huyahamishia ufukwe wa bara wakayafukia salama. Baada ya takriban miezi miwili yanaanguliwa. Ukibahatika kuwepo siku hiyo, utaona vitoto vya kasa vikubwa kidogo kuliko kiboksi cha kiberiti vikipiga makasia mchangani kuelekea majini, kimoja kinapinduka, kinajiweka sawa, kinaendelea. Nimeshuhudia na watoto wangu, na tangu hapo wao ndio wanaoniambia nizime taa ya gari, kwa sababu vitoto vya kasa hufuata mwanga na taa zetu huvipoteza njia.

Saadani nako kunapendeza sana, ni hifadhi ya taifa inayofika mpaka baharini, lakini kule kuna wanyama, unalala panapoelekezwa na askari wa hifadhi na usiku hutembei. Kwa watoto wadogo ningesubiri kidogo.

Kwa mara ya kwanza, nenda Kigamboni. Kuanzia Mjimwema kwenda kusini kuna sehemu kadhaa zenye viwanja vya hema vyenye walinzi, na mtoto akiumwa usiku uko karibu na hospitali. Lala usiku mmoja tu, uone familia inapenda nini na inachukia nini. Kigamboni kuna kelele za muziki mwishoni mwa wiki, kwa hiyo uliza kwanza, na ukiweza nenda siku za kati.

Upepo ni jambo la pili baada ya mwezi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, hema linapigwa usiku kucha na mchanga unaingia kila mahali. Mimi napenda Septemba na Oktoba, upepo umelegea na joto halijaanza kutesa. Januari na Februari kuna joto lakini usiku wa ufukweni unavumilika kuliko chumba cha Dar. Masika pumzika, na barabara za udongo za huko zitakukwamisha. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye viroba vidogo, funga kamba, vizike kina cha kiwiko, hapo hata upepo ukija hema halisogei. Chini ya mivinje kuna kivuli kizuri na ardhi laini, ila usiwashe moto juu ya majani yake makavu. Chini ya mnazi usilaze mtu kabisa, nazi haina taarifa.

Ukitaka kulala ufukwe wa kijiji usio na kambi rasmi, usijifiche. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, jitambulishe, sema mko wangapi na mtalala siku ngapi, omba akupe kijana wa kulinda na umlipe vizuri. Hii imenipa usingizi mtulivu kila mara, na pia imenipa marafiki. Watu wa kijiji ndio watakaokuambia mkondo mbaya uko wapi, samaki wanafikia wapi, na kisima chenye maji baridi ni kipi. Maji ya kunywa hata hivyo beba ya kutosha, lita 4 kwa kila mtu kwa siku ukihesabu na kupikia.

Mbu usiwachukulie poa. Nyakati za magharibi wavalishe watoto mikono mirefu, hakikisha nyavu za hema hazina tundu, na zipu ifungwe kila anayeingia na kutoka. Mgongo nao una dawa: godoro jembamba la sponji, na kabla ya kulitandika sukuma mchanga chini ya hema upate kishimo cha nyonga na cha bega. Mke wangu alikuwa haamini mpaka alipojaribu. Siku hizi ndiye anayeweka alama kwenye kalenda ya jikoni kila mwezi unapoandama, na kuhesabu kuanzia hapo.