Maswali yenu kuhusu Chatsworth: jumba, ndizi na kijiji kilichohamishwa

Juzi niliwagusia Chatsworth, lile jumba la ukoo wa Cavendish huko Derbyshire, Uingereza, na maswali yamekuja mengi kweli. Leo najibu haya.

Nani alilijenga?
Bess of Hardwick na mumewe William Cavendish walinunua eneo lile 1549 kwa pauni 600, ujenzi ukaanza 1552. Ila hili mnaloliona kwenye picha sio lile la Bess, mzao wao aliyekuja kuwa Dyuki (cheo kikubwa cha kikabaila Uingereza) wa kwanza wa Devonshire alianza kulibomoa na kulijenga upya 1687, upande mmoja mmoja, hadi 1707 ndo ikaisha.

Eti ndizi Cavendish zimetoka hapo?
Jina ndo limetoka hapo, ndizi zenyewe kwao ni Asia. Joseph Paxton, mkuu wa bustani, alipata mche wake karibu 1830 akaulea ndani ya nyumba ya vioo iliyopashwa joto, maana baridi ya kule mgomba hauvumilii hata kidogo, na 1835 ukatoa ua. Akaupa jina la ukoo wa bosi wake. Baadaye mmisionari John Williams akapeleka miche Samoa, na leo karibu nusu ya ndizi zote duniani ni za kundi hili la Cavendish. Mi kila nikikata ndizi sokoni namkumbuka Paxton!

Yale malisho na miti mbona yamependeza hivyo, ni ya asili?
Hapana jamani, pale pametengenezwa. Miaka ya 1750 na 1760 Dyuki wa nne alimuita Capability Brown, mbunifu wa mandhari, bustani nyingi za maua na mistari zikageuzwa majani matupu, miti ikapandwa kwa mafungu ionekane imeota yenyewe, na nyumba za kijiji cha Edensor zilizoonekana kutoka kwenye jumba zikaanza kuondolewa. Dyuki wa sita akaja kumalizia, kijiji kikajengwa upya upande wa pili wa kilima. Ikabaki nyumba moja tu, ipo mpaka leo, peke yake katikati ya majani, imezungushiwa ukuta wake na kondoo wanakula pembeni. Hiyo nyumba inanigusa kuliko vyumba vyote vya jumbani, kwasababu ndo inakuonyesha kuwa hapo palikuwa na majirani, watoto, moshi wa jikoni. Na ardhi haisahau, kiangazi cha 2018 jua lilipokausha majani, michoro ya bustani ya mwaka 1699 ikajitokeza upya kwenye nyasi, mistari kabisa.

Ile chemchemi ya bustanini inayorusha maji juu inatumia pampu gani?
Haina pampu. Paxton alichimbisha ziwa juu mlimani, maji yanashuka kwa bomba na uzito wake ndo unayarusha juu, mpaka mita 90 hivi. Ilikuwa tayari 1844 kwa ajili ya Nicholas, mfalme wa Urusi, ambaye hakufika.

Bado ni mali ya familia?
Dyuki wa kumi alishamrithisha mwanae mapema, ila sheria ilitaka aishi miaka 5 baada ya hapo, akafariki Novemba 1950 zikiwa zimebaki wiki 14. Kodi ya urithi ikawa asilimia 80. Wakauza ardhi, na baadhi ya kazi za sanaa pamoja na Hardwick Hall, jumba jingine la Bess, zikaenda serikalini kufidia kodi. Tangu 1981 Chatsworth iko chini ya mfuko wa wadhamini na familia inaishi humo ikilipa pango.