Maswali na Majibu: Ukitoka Bondo, Kwa Nini Uingie Mjini Kwanza?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu kufika uwanja wa ndege wa Kisumu, au kutoka huko, bila kukodi gari. Nimechagua haya.

Tunasafiri kwa ndege kwenda Nairobi Jumapili. Tukifika steji ya Kisumu kutoka Bondo, tupande matatu ya wapi ili tufike uwanja wa ndege? (Mama wa watoto wawili, Bondo)

Msifike steji, mama. Swali hili huulizwa na watu wa Bondo, Siaya, Luanda na Busia, yaani wale wale ambao uwanja uko njiani mwao, na inaniuma kuona bado wanalipa nauli mara mbili. Barabara ya Bondo inaingia ile ya Busia pale Kisian. Ukishapita Kisian unakuja Otonglo, kisha uwanja wa ndege, na mji uko mbele zaidi. Mwambie makanga kabla hujaketi kwamba unashukia uwanja wa ndege, halafu mkifika Kisian umkumbushe. Ukinyamaza atakupeleka mjini, nawe utatafuta gari la kukurudisha kilomita nne hivi ulizokwisha kuzipita, watoto wamechoka na saa zinakwenda.

La kushika zaidi ni hili: uwanja uko upande wa ziwa. Gari linalotoka Kisian litawashusha upande wa pili, kwa hiyo ni lazima mvuke. Barabara hiyo ni ya malori ya Busia na ya matangi ya mafuta yanayopakia Kisumu kwenda Uganda. Mzigo wako uwe begi la mgongoni, ili mikono yote miwili ibaki ya watoto. Anayetoka mjini hushukia upande wa uwanja. Yeye atavuka siku ya kurudi.

Nauli ni pesa ngapi? (Wengi)

Uliza stejini siku ya safari. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na mafuta yakipanda nauli haibaki nyuma. Nikiandika bei hapa leo, mwezi ujao itakuwa imepotosha mtu.

Natoka Majengo, Vihiga. Ni lazima nipitie Kondele? (Mwalimu)

Si lazima. Panda gari la Luanda, na pale Luanda uchukue matatu ya Kisumu inayopitia Maseno. Itakufikisha uwanjani kabla ya mji, na msongamano wa Kondele hutauona. Ila gari la Majengo hadi Luanda hungoja lijae, kwa hiyo toka nyumbani mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Aliye Kakamega mjini aende moja kwa moja hadi Kisumu, kisha apande matatu ya Maseno, Luanda au Bondo, au achukue tuktuk.

Ndege yangu inatua saa tatu usiku. Boda itanifaa? (Dada wa Nyamasaria)

Hapana, dada. Mimi huwahimiza watu kupanda matatu, lakini saa hiyo matatu za kuelekea mjini ni chache, na sitaki utembee peke yako na begi hadi barabara kuu ukasimame gizani. Hapa tumia pesa. Chukua teksi, mkubaliane bei kabla begi halijaingia kwenye buti, na umtumie mtu wa nyumbani namba ya gari. Kama mmeshuka wawili watatu mnaoelekea upande mmoja, gawaneni nauli.

Boda mchana, ukiwa na mkoba mdogo na kofia ngumu kichwani, sina neno. Sanduku likiwekwa juu ya tangi mbele ya dereva humzuia kukata usukani. Ukimwona mwendeshaji anakubali mzigo wa namna hiyo pamoja na abiria wawili, usimpande hata kama ni jirani yako.

Kwa nini matatu zisiingie hadi mlangoni mwa abiria? (Mwanafunzi, Maseno)

Nimelingoja swali hili. Matatu inakuacha barabarani, na kutoka hapo ni miguu yako, jua likiwaka au mvua ya alasiri ikikunyeshea. Njia ya kuingilia inamtazama mwenye gari: lango, ukaguzi, maegesho. Lakini mfagiaji, mpishi, mlinzi na muuza duka wa uwanjani hawaji kwa ndege wala kwa teksi. Wanakuja kwa matatu kila siku, na wanatembea. Abiria naye amebadilika. Anayepanda ndege leo ni mwalimu, ni mama anayempeleka mtoto hospitali Nairobi, ni kijana anayekwenda usaili. Wengi wao walijibana kupata tiketi, na teksi inawabana tena.

Utaambiwa ni usalama. Basi namba 34 la Nairobi huenda JKIA, uwanja mkubwa kuliko wetu na wenye ulinzi mkali zaidi. Gari la abiria linaweza kukaguliwa kama linavyokaguliwa gari la mbunge.

Shida ni kwamba kila ofisi ina kipande chake. Ndani ya ua ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Barabara ya Busia ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Usafiri wa umma na taa za barabarani, Katiba ya 2010 iliziweka kwa kaunti katika Jedwali la Nne. Ukilalamika kwa mmoja, anakuelekeza kwa mwenzake. Kwa mkutano wa Africities wa Mei 2022, Kisumu ilitengeneza njia za waenda kwa miguu katikati ya mji, na zinapendeza. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinachotakiwa ni kibanda cha kivuli stejini, kivuko salama, njia ya miguu yenye taa, na ruhusa ya matatu kuingia saa za ndege. Bajeti ya kaunti ikifika kwenye ushirikishaji wa umma, nenda useme hayo manne, na uhakikishe yameandikwa.

Natoka Kapsabet, ndege ni ya Eldoret.

Uwanja uko kwenye barabara yenu hiyo hiyo, kilomita 16 hivi kabla ya Eldoret mjini. Shukia hapo.

Nikitua JKIA, treni ya Syokimau iko karibu? Usiku huo huo nataka basi la kurudi Busia. (Baba, Ugunja)

Treni haifiki uwanjani, baba. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, lakini kuifikia utahitaji gari. Basi 34 ndilo la kukufikisha katikati ya mji, ila uliza kwanza kama linapitia Mombasa Road au linazunguka Embakasi na Jogoo Road. Jioni njia zote mbili hujaa, kwa hiyo kata tiketi ya basi la mwisho kuondoka. Ukiamua teksi, dereva anaweza kupita barabara ya juu iliyofunguliwa 2022. Ile hulipiwa, na mtajadiliana ada ni ya nani kabla hamjaondoka. Ukishuka mjini, simu ikae mfuko wa ndani.

Tiketi ya kutoka Nairobi imeandikwa Wilson. Ni JKIA, sivyo? (Bondo)

Sivyo. Ni viwanja viwili mbalimbali. Wilson iko Lang'ata Road, na kutoka katikati ya mji unapanda matatu za Lang'ata au Rongai. JKIA iko Embakasi. Ukikosea, saa za jioni hutawahi kuhama kutoka kimoja hadi kingine kabla ndege haijaruka. Tafadhali someni tiketi siku ile ile mnayoinunua, wakati bado inaweza kubadilishwa.